Mume wangu ataka miji tisa, mimi nataka miwili

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mkaazi wa Mombasa. Ndoa yangu imeingia mwaka wa 15 na tumejaliwa watoto watatu. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Naomba nitangulize kusema kwamba si mtu mbaya: hanywi, hanipigi, na kipato chake nakijua hadi senti. Tunachogombania ni safari. Najua wapo watakaosema hilo ni tatizo la walioshiba, lakini mimi linaninyima usingizi.

Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, tulikwenda Sisilia, kile kisiwa kikubwa cha kusini mwa Italia. Tulishukia Catania, tukakodi gari, tukalala miji 7 kwa siku 9: Aci Trezza, Ortigia (kile kisiwa kidogo chenye mji wa kale wa Siracusa) siku mbili, Marzamemi, Sciacca, Marsala, Castellammare del Golfo, kisha Cefalù siku mbili. Kila kukicha ni kufunga masanduku. Saa nne asubuhi unatakiwa uwe umetoka, na chumba cha mji unaokwenda hakifunguliwi mpaka saa tisa alasiri. Hayo masaa matano ya katikati tuko ndani ya gari, na gari lenyewe hatuthubutu kuliacha kwa sababu masanduku yanaonekana kupitia kioo cha nyuma.

Yeye alishika usukani, mimi nikashika ramani ya simu. Kule wanaendesha upande wa kulia na gia iko mkono wa kulia, basi kila alipotaka kubadilisha gia alianza kwa kupapasa mlango. Ortigia nilimwambia apinde kulia, tukapita chini ya kamera. Mji mwingine tukarudia kosa lile lile bila kujua. Miezi mitano baadaye kampuni ya gari ikakata ada mara mbili kwenye kadi yake, kisha zikafuata barua za manispaa zenye faini zenyewe. Akasema, "Ramani ulikuwa nayo wewe." Na kule Marsala, kwenye uchochoro ambao kioo cha pembeni kilibakisha upana wa kidole kugusa ukuta, aliniambia neno ambalo sijalisahau hadi leo: "Si ungebaki nyumbani."

Kisha kuna jikoni. Sisi ni Waislamu, naye anaogopa mno kulishwa nguruwe bila kujua, kwa hiyo kila mahali tulichukua nyumba yenye jiko. Katika siku 9 nilipika siku 7. Nimevuka bahari kwenda kuosha sufuria za watu.

Na ana tabia ya kusimama. Marehemu baba yake alikuwa nahodha wa jahazi Lamu, kwa hiyo vyombo anavipenda, lakini kila jambo lina kiasi. Marzamemi alikaa zaidi ya saa nzima juani kando ya mashua moja kuukuu iliyopandishwa nchi kavu, anaingiza ukucha kati ya mbao, anapiga picha misumari. Mimi niko ndani ya gari, nina njaa, na mwendo wa Sciacca bado uko mbele yetu.

Mahali nilipopata raha ni Cefalù. Chini ya nyumba za mji wa kale kuna dobi la zamani la mawe, mahali watu walipofulia nguo. Unashuka ngazi pana, unakuta maji yanatoka kwenye midomo ya chuma, mingine ina sura ya kichwa cha simba, yanapita kwenye mabeseni ya mawe kisha yanaingia baharini. Asubuhi zote mbili niliketi pale peke yangu. Hakuna aliyeniuliza chai iko wapi.

Sasa tunataka kurudi mwezi wa Oktoba, siku 12 za kulala. Yeye ameshaandika miji 9: ile 7 ya kwanza, ameongeza Mazara del Vallo na kisiwa cha Favignana. Mimi nimependekeza Cefalù siku 6 na Ortigia siku 6, tusafiri kwa treni, gari tusiliguse. Amekataa, anasema kukaa ni kupoteza nauli. Juzi nikamtolea wazo la tatu: tuwe pamoja siku 8, na zile 4 azunguke anavyotaka, mimi nibaki Cefalù. Alininyamazia. Nilipomweleza wifi yangu akaniambia mume na mke hawaachani ugenini, na nikianza kugawa safari nitakuja kugawa na nyumba. Mama yangu mzazi yeye hakusema neno, na ukimya wake ndio umenitia hofu zaidi.

Miadi yetu ya viza ni baada ya wiki tatu na wanataka waone tutalala wapi kila siku. Tumeweka shilingi 620,000, na nusu yake imetoka kwenye chama changu. Nimfuate na miji yake tisa? Nishikilie yangu miwili? Au tugawane siku, na je, nitakuwa nimefungua mlango nisioweza kuufunga?

Mke wa Fundi, Mombasa.

*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nashukuru hukuficha mambo madogo, kwa sababu katika jambo hili madogo ndiyo yenye uzito.

Nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Unaniuliza habari ya miji mingapi, lakini ndani ya barua naona machungu matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni mwendo: umechoka kufungua na kufunga masanduku. La pili ni lawama: faini, ramani, na lile neno la Marsala. La tatu ni jiko lililokufuata hadi ng'ambo. Ratiba nzuri inaweza kutibu la kwanza. Mengine mawili mnaweza kuyabeba hadi Cefalù na yakakaa nanyi siku sita bila kuhama. Ndiyo maana sitaki tuanze na ramani.

Tuanze na lawama, maana hiyo ina ukweli ambao huenda ninyi wawili hamkuujua. Miji ya kale ya Italia ina maeneo yanayoitwa ZTL, yaani gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia, ama saa fulani ama siku nzima. Mlangoni pana bango la duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na mara nyingi ubao wa taa unaoandika "varco attivo" au "varco non attivo". Mgeni husoma "attivo" akadhani maana yake ni njia iko wazi. Sivyo. Maana yake ni kwamba kamera inafanya kazi na usipite. Njia iko wazi inapoandikwa "non attivo". Ramani za simu nyingi zinatafuta njia fupi tu na hazijali kibali. Kwa hiyo aliyesoma ramani alipelekwa na simu, na aliyeshika usukani alipita bango mbele ya macho yake akiwa anapapasa gia mlangoni. Hapo sioni mkosaji mmoja. Naona watu wawili waliopewa kazi ngumu kwenye mtaa wasioujua.

Ile ada iliyokatwa kwenye kadi haikuwa faini. Ni malipo ya kampuni kwa kazi ya kuipa manispaa jina la dereva, na faini huja peke yake baadaye. Anayeishi nje ya Italia anaweza kutumiwa notisi hadi siku 360 baada ya kosa. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu uipokee, kwa kawaida unapunguziwa asilimia 30. Safari hii mkikodi gari, andikieni nyumba ya kulala kabla hamjafika: muwaulize kama mlango wao uko ndani ya ZTL, na mnaegesha wapi. Ortigia kuna maegesho ya Talete, kwenye ukingo wa kaskazini wa kisiwa hicho kidogo, unayafikia bila kuvuka kamera. Mistari ya buluu barabarani ni ya kulipia, myeupe ni bure, ya njano si yenu. Na gari la gia zinazojibadilisha zenyewe lipo, ila ni machache na bei yake iko juu, kwa hiyo linawekwa mapema. Kwa dereva aliyezoea upande wetu, hiyo ndiyo pesa ninayoona inanunua amani ya chumbani.

Sasa nikuulize jambo kwa upole. Umesema mumeo anasimama sana, na umesema anakimbia sana. Mtu mmoja anawezaje kuwa hivyo vyote? Mwenye haraka ya kuhesabu miji hakai saa nzima juani anaingiza ukucha kwenye mbao.

Ile nafasi kati ya mbao aliyokuwa akiigusa, ndugu zake wa Lamu wanaijua kwa jina: ndipo panapotiwa kalafati, nyuzi za pamba zinazogongwa kwa patasi ili chombo kisivuje. Sisilia kazi hiyo inaitwa calafatari, neno lile lile, ambalo huenda lilifika kwao na kwetu kupitia mabaharia Waarabu. Waarabu walitua Mazara mwaka 827 na wakakitawala kisiwa zaidi ya miaka mia mbili. Mashua nyingine za kule zina macho yaliyochorwa kwenye omo, kama majahazi ya Lamu yalivyokuwa na macho yake. Na hii miji miwili aliyoongeza kwenye orodha, Mazara na Favignana, sidhani kaiokota ovyo. Mazara ni bandari ya wavuvi ambako Watunisia wamefanya kazi na kuishi kwa miaka mingi, na mtaa wao wa kale unaitwa Kasbah. Favignana palikuwa na tonnara, uvuvi wa jodari kwa nyavu zilizotegwa baharini kama uzio wetu wa pwani, ila mkubwa mno na wenye vyumba: samaki anaongozwa chumba hadi chumba mpaka kile cha mwisho kiitwacho chumba cha mauti. Mkuu wa wavuvi hao, anayesoma mkondo na upepo na kutoa amri ya kuvuta, cheo chake ni rais. Ndiyo, rais, kama tunavyosema sisi. Mavuno ya namna hiyo yalikoma Favignana mwaka 2007, na jengo kubwa la akina Florio, familia iliyomiliki uvuvi huo, walikosindika jodari sasa ni makumbusho.

Sikuambii kwamba anamtafuta baba yake. Mimi simjui, wewe unamjua. Nakuuliza tu: umewahi kumwuliza anatafuta nini? Kwa sababu kama jibu ni vyombo na wavuvi, basi miji tisa ni mingi hata kwake yeye. Cefalù haina anachokitaka, Sciacca ina bandari ya uvuvi, Castellammare ina kidogo. Orodha ya miji tisa inaweza kupungua kwa mkono wake mwenyewe, bila wewe kuikata.

Nawe nikuulize la kwako. Unataka Cefalù, au unataka asubuhi ambayo hakuna anayekudai kitu? Ni vizuri uwe na jibu, kwa sababu mpango wako wa siku 6 na 6 una mashimo yake. Ortigia ni mahali pa kupendeza, lakini ni jiwe: utaoga baharini kutoka kwenye miamba na majukwaa ya mbao, na ufuo wa mchanga wa maana uko nje ya mji, Arenella au Fontane Bianche, mwendo wa basi. Treni kutoka Cefalù hadi Siracusa hukuzungusha kwa Messina ukabadilishe, au unarudi Palermo ukapande basi la Catania. Vyovyote vile hiyo ni siku imekwenda. Jumapili mabasi ya miji midogo hupungua hadi kukaribia kuisha, na Marzamemi haina treni kabisa. Kuhusu treni zenyewe, tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima igongwe muhuri kwenye mashine iliyo stesheni kabla ya kupanda. Wageni wengi hutozwa faini wakiwa na tiketi halali mkononi kwa kusahau hilo. Isije ikawa mmeacha faini za gari mkazifuata za treni.

Hesabu ya mwendo wake pia iwekeni mezani, maana hesabu haina hasira. Kila kuhama kunakula karibu nusu siku, kwa yale masaa uliyoyataja mwenyewe. Miji 9 ni kuhama mara 8, yaani siku 4 katika 12 ziko barabarani. Kipande cha Marzamemi hadi Sciacca peke yake ni nusu siku ya kuendesha kwa njia ya SS115, yenye malori, nyumba za plastiki za mboga na mizunguko ya miji. Hiyo si barabara ya kusema tutafika tu. Mkifuata mpango wake kama ulivyo, hatari ninayoiona si uchovu tu. Ni kwamba mtu aliyechoka husema maneno ya uchochoroni, na lingine likisemwa mtarudi nalo Mombasa.

Kuna njia ambayo hamjaijaribu kwenye karatasi: kuacha nusu ya kisiwa. Chukueni magharibi tu, mshukie Palermo badala ya Catania. Cefalù iko karibu saa moja kwa treni kutoka Palermo, huko gari halina kazi. Mkae siku 5 au 6. Kisha Trapani siku 5 au 6, ambapo palipo na hamu yake pamekusanyika. Boti za mwendo kasi kwenda Favignana huchukua kama nusu saa au kidogo zaidi. Treni inashuka Marsala hadi Mazara. Mashamba ya chumvi yenye vinu vya upepo yapo nje tu ya mji. Gari mnaweza kukodi siku 2 au 3 za hapo katikati, muende Scopello penye tonnara ya kale na miamba inayosimama majini, na kwenye hifadhi ya Zingaro ambayo njia yake ya pwani ya kilomita 7 hivi haipitiki kwa gari, ni kwa miguu. Mji wa kuhama ni mmoja tu.

Ubaya wake? Anapoteza Marzamemi, na ile mashua. Anaweza kuona umemnyang'anya kilicho chake kwa sauti ya huruma. Ukilileta wazo hili, usilete likiwa limekamilika na nyumba zimeshawekwa. Mpe kalamu.

Tuje kwenye kugawana siku, maana najua ndilo lililokuondolea usingizi. Wifi yako ameona hatari, na simdharau. Anamjua kaka yake, na anajua mji wenu unavyosema. Lakini nitofautishe mambo mawili. Mke anayebaki kwa sababu hataki kumwona mumewe, na mke anayebaki huku mumewe amekwenda kuangalia nyavu, jioni wakapigiana simu wakasimuliana, hao hawako kwenye safari moja. Swali ni wewe ungebaki ukiwa yupi. Kama kubaki ni adhabu kwa lile neno la Marsala, naye atalipokea kama adhabu, na ukimya aliokupa juzi utaongezeka. Pia huenda alinyamaza kwa hofu kuliko hasira. Mwanamume wa pwani kumwacha mkewe peke yake nchi ya watu, hata kwa ridhaa ya wote wawili, kwake ni mzigo wa kuulizwa: ungefanya nini likimpata jambo?

Mkifika hapo kwa kukubaliana, siku 4 naona ni nyingi kwa mara ya kwanza. Mbili au tatu zingewapa kipimo. Ziwekeni katikati ya safari, zisiwe mwisho. Boti za Favignana husimama upepo ukichafuka, na kule hakuna kaskazi na kusi za kupangia: upepo wa kaskazini-magharibi, maestrale, au ule wa moto utokao Sahara, scirocco, unaweza kukufungia kisiwani siku nzima. Mtu hasubiri hilo siku ya kuamkia ndege. Toka Cefalù anaweza kwenda bila gari: treni hadi Palermo, basi hadi Trapani, kisha boti; ajipe nusu siku. Kila mmoja awe na pasipoti yake mkononi, kwa sababu nyumba za wageni Italia zinatakiwa kuandikisha kila mgeni kwa polisi, na nakala ya simu haitoshi. Na kumbukeni gharama: vyumba viwili kwa siku hizo, pamoja na kodi ya manispaa ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila siku, mara nyingi taslimu.

Upande wa viza, kugawana si kosa, ila karatasi lazima zisomeke. Ombi la kila mmoja lionyeshe nyumba yake kwa kila siku, na barua ya maelezo iseme waziwazi siku zipi mko wapi na kwa nini. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, bima ya afya isipungue yuro 30,000, na ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Mna nafasi. Kama wiki tatu hazitoshi kuelewana, kusogeza miadi ni bei ndogo kuliko kupeleka ratiba ambayo mmoja wenu ameisaini kwa kununa. Wekeni nyumba zinazoruhusu kufuta bila malipo. Naye dereva, kabla ya yote, achukue kibali cha kimataifa cha udereva hapo nyumbani. Leseni yetu peke yake haimtoshi Italia, na kampuni nyingi za magari hudai kadi ya mkopo yenye jina lake yeye, si lako.

Na jikoni, mwanangu. Hili naona mmelibeba bure, na tena umelibeba wewe. Hofu yake ina msingi, ila haiko pale anapodhani. Hatari kubwa si kwenye sahani ya samaki, ni kwenye tamtam na vya kukaanga: ganda la cannoli kwa desturi hukandwa na mafuta ya nguruwe yaitwayo strutto, na mara nyingi hutiwa na mvinyo wa Marsala. Baadhi ya mikate tamu ina strutto pia. Jifunzeni maswali matatu: "C'è strutto?", "C'è maiale?", "C'è vino?", yaani kuna mafuta ya nguruwe, kuna nguruwe, kuna mvinyo. La tatu msilisahau hata kwenye samaki, kwa kuwa wapishi wengi humimina mvinyo mweupe kwenye kikaango. Baada ya hapo meza ni pana: kuskusi ya Trapani inayoiva kwa mvuke na kumwagiwa mchuzi wa samaki, tambi za dagaa na shamari pori, tambi za biringanya za Catania. Panelle za Palermo ni unga wa dengu uliokaangwa. Mtoto wa Mombasa akifumba macho atasema ni bajia. Mikahawa mingi haianzi chakula cha usiku kabla ya saa moja na nusu, kwa hiyo magharibi mnaswali kwa utulivu ndipo mnatoka. Mnaweza kukubaliana idadi: siku 12, jiko liwashwe mara 3, na zamu moja iwe yake. Au mchukue chumba kisicho na jiko kabisa, swali likaisha. Nalo lina hasara yake, mfuko utalihisi, na nusu ya mfuko huo ni jasho la chama chako. Una haki ya kusema lielekezwe wapi.

Limebaki neno la Marsala. Sina namna ya kulipangia ratiba. Umelibeba miaka miwili, na kwa jinsi ulivyoandika sidhani kama yeye anajua bado liko hai. Huenda analikumbuka kama kelele za dereva aliyeogopa kukwaruza gari la watu. Wewe ulisikia kwamba hukutakiwa kuwepo. Unaweza kumwambia hivyo, kwa sentensi moja tu, si siku ya kujadili miji na si mbele ya wifi. Ipo hatari kwamba atajitetea na kurudi kwenye ramani. Ipo pia kwamba usiposema, kila mji atakaoutaja utausikia kwa sauti ya ule uchochoro.

Na mama yako, usimtafsirie ukimya kabla hujamwuliza. Mpelekee chai umuulize anawaza nini. Wazazi wetu hunyamaza wakikataa, na hunyamaza pia wanapoona jambo ni la wawili.

Siwezi kukuambia uchague lipi, kwa sababu nyote wawili mnachotaka ni halali. Lakini kama ningekuwa na wiki tatu zako, nisingezianzia kwenye ramani. Ile picha ya mashua ya Marzamemi, kama bado imo kwenye simu yake, ningemwomba anionyeshe, anielezee ule mshono uko vipi na Lamu wangeuziba kwa kitu gani. Kisha ningemsimulia yale maji ya dobi la Cefalù.